Mbuzi, Sheria na Kimya: Mimba za Wasichana katika Historia ya Lubero

Lubero ni eneo la milima lililo magharibi ya Ziwa Edward, katika Kivu ya Kaskazini. Wenyeji wake walio wengi ni Wanande, ambao hujiita pia Wayira. Ndugu zao wa lugha, Wakonzo, huishi ng'ambo ya mpaka, kwenye miteremko ya Ruwenzori upande wa Uganda. Katika miji ya Butembo na Beni, na katika vijiji vinavyoilisha miji hiyo, lugha tatu zinagawana kazi: Kinande nyumbani, Kiswahili sokoni, redioni na mbele ya mgeni, Kifaransa shuleni na mahakamani. Msichana anayepata mimba kabla ya kuolewa hupita katika lugha zote tatu. Katika Kifaransa cha misheni na cha shule aliitwa fille-mère, yaani msichana-mama, na jina hilo likaingia katika Kiswahili cha Kongo vilevile lilivyo. Ni jina linalostahili kutazamwa kidogo. Linaunganisha hali mbili ambazo, kwa mawazo ya walioliunda, hazikupaswa kukutana katika mtu mmoja. Mwanamume aliyehusika hakupewa jina la kulingana na hilo. Kiswahili chenyewe kina haki zaidi kidogo, kwa kuwa mmoja hutia mimba na mwingine hutiwa, na hivyo mtenda yumo ndani ya kitenzi hata asipotajwa. Lakini semi zilizoenea zaidi ni kupata mimba na kubeba mimba, na humo mtenda ametoweka.

Mimba za wasichana katika Lubero huzungumzwa mara nyingi kama dalili ya kuporomoka kwa maadili: zamani palikuwa na heshima, kisha vikaja vita, mji na simu. Historia ya eneo hili inaonyesha jambo jingine. Kwa muda wa karne moja hivi, wazee wa koo, wamisionari, watawala na mahakimu wamekuwa wakishindana juu ya swali moja, nalo ni nani amekosewa na alipwe nini. Swali la pili, yaani msichana ajue nini ili mimba isitokee, lilichelewa mno kuulizwa. Na kwa zaidi ya miaka 80 kulijibu hadharani kulihesabiwa na sheria iliyoandikwa kuwa kosa la jinai.

Mimba na mbuzi

Wanande hufuata ukoo wa baba, na mahari yao huhesabiwa kwa mbuzi, hata pale ambapo fedha imeshika nafasi ya mbuzi mwenyewe. Mbuzi hao hawakuwa bei ya mtu, kama Wazungu wengi walivyodhani walipoyaona makabidhiano hayo kwa mara ya kwanza. Walikuwa msingi wa dai la ukoo wa mume juu ya watoto watakaozaliwa. Kama ilivyo katika jamii nyingine nyingi za Maziwa Makuu zinazofuata ukoo wa baba, mtoto aliyezaliwa kabla ya mahari kutolewa alikuwa na mahali pa kulala lakini hakuwa na mahali palipo wazi katika hesabu ya ukoo. Mimba ya kabla ya ndoa ilikuwa, kwa hiyo, mvurugo wa hesabu kabla haijawa doa la tabia. Mahali pa kuutatua mvurugo huo palikuwa kyaghanda, baraza ya kuzungumzia mambo ya ukoo kando ya moto. Huko pande mbili zilipatana ama juu ya ndoa ama juu ya fidia. Sehemu ya msichana katika mazungumzo hayo ilikuwa ndogo: alitakiwa kutaja jina.

Ukali wa jamii za jirani unajulikana zaidi. Katika Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, simulizi zinaeleza jinsi wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa walivyotupwa katika maporomoko ya maji ya Kisizi, au kuachwa katika kisiwa kidogo cha Akampene, kwenye Ziwa Bunyonyi, wafe kwa njaa na baridi isipokuwa atokee mwanamume maskini asiye na mahari aje kumchukua mmoja wao awe mkewe. Kando ya maporomoko hayo ya Kisizi ilianzishwa mwaka 1958 hospitali ya Kanisa la Uganda, ambayo wodi yake ya wazazi imepokea watoto wasiohesabika. Habari za Akampene leo huelezwa watalii wakiwa ndani ya mitumbwi. Hatari ya simulizi hizo ni kwamba humfanya msikilizaji aamini kuwa ukatili ndio uliokuwa kanuni ya kale, na kwamba kanuni hiyo imekwisha. Kanuni iliyoenea zaidi haikuwa ya kutisha kiasi hicho, na imedumu zaidi, nayo ni malipo.

Kuna jambo moja zaidi la kuzingatia kuhusu zama hizo. Muda kati ya kubalehe na kuolewa ulikuwa mfupi. Msichana wa miaka 16 mwenye mimba hakuwa tatizo kwa sababu ya miaka yake, ambayo hakuna aliyeihesabu. Alikuwa tatizo iwapo hana mume. Dhana ya mimba za utotoni, kama inavyoitwa siku hizi katika Kiswahili cha serikali na cha mashirika, haikuweza kuwapo mpaka pawe na utoto unaorefuka baada ya mwili kukomaa. Kilicholeta utoto huo ni shule.

Misheni na agizo la 1933

Mapadre wa shirika la Assumption waliingia katika eneo la Beni mwaka 1929, na mwaka 1938 Henri Piérard, mmoja wao, akawa wakili wa kitume wa kwanza wa Beni. Wamisionari wa Kibaptisti nao walijenga Katwa na Kitsombiro. Vituo vya Mulo, Kyondo, Manguredjipa na vinginevyo vilikuja na kanisa, zahanati na darasa, na baada ya muda na shule za wasichana zilizosimamiwa na masista. Kwa mara ya kwanza katika milima hii palitokea msichana aliyekomaa mwili ambaye hakuwa mke wa mtu na hakutarajiwa kuwa mke kwa miaka kadhaa. Alikuwa mwanafunzi. Wazazi walimlipia karo badala ya kumpokelea mbuzi, au, kwa hesabu ya wengi wao, walimlipia karo ili mbuzi waongezeke baadaye. Mimba yake sasa ilipoteza vitu viwili kwa pamoja.

Misheni ilibadili pia mahali pa hukumu. Kosa lililokuwa deni kati ya koo mbili likawa dhambi ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa yule ambaye dhambi ilimwonekana tumboni. Alitengwa na meza ya Bwana mpaka atubu; aliondolewa shuleni. Kijana aliyehusika, ikiwa alisoma katika shule nyingine ya misheni hiyohiyo, aliweza kumaliza masomo yake iwapo alikana au iwapo hakuulizwa. Malipo ya kale hayakufutwa na mafundisho hayo. Yaliendelea chini yake, na hivyo msichana akawa analipiwa kama deni huku akiadhibiwa kama mkosefu. Ni vigumu kuona kwamba alifaidika na kuwapo kwa mifumo miwili.

Wakati huohuo serikali ya kikoloni ilitunga sheria mbili ambazo athari zake zilivuka uhuru. Ya kwanza ni agizo la 1933 lililopiga marufuku kutangaza na kugawa vitu vya kuzuia mimba. Watungaji wake hawakuwa wakimfikiria msichana wa Kyondo. Walikuwa na hofu ya upungufu wa watu. Migodi na mashamba makubwa yalihitaji mikono, na Minière des Grands Lacs, kampuni ya madini ambayo shughuli zake zilichangia kukua kwa Butembo, ilikuwa miongoni mwa walioihitaji mikono hiyo. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala aliyoitoa mwaka 1988, ameonyesha jinsi wakoloni wa Kibelgiji walivyopambana hata na desturi ya Waafrika ya kunyonyesha kwa muda mrefu na kujitenga na mume katika muda huo, kwa kuwa desturi hiyo ilipunguza idadi ya vizazi. Kwa maneno mengine, njia ya kupanga uzazi ambayo bibi angeweza kumfundisha mjukuu wake ilidharauliwa, na njia ambayo daktari angeweza kumfundisha ikakatazwa. Katazo hilo lilipata makao katika kifungu cha 178 cha Kanuni ya Adhabu.

Sheria ya pili, ya mwaka 1936, ilikusudiwa kumlinda msichana Mwafrika ambaye hajabalehe asiozwe. Ilikuwa na nia njema, lakini ulinzi wake ulikoma siku mwili ulipobadilika. Serikali haikumpa msichana umri. Ilimpa hali ya mwili. Hata ilipokuja Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, mvulana aliwekewa miaka 18 ya kuoa na msichana miaka 15 ya kuolewa.

Kinachotamanika na kwa nani

Mnamo tarehe 5 Desemba 1972 Rais Mobutu alilihutubia baraza la kutunga sheria na kutoa wito wa naissances désirables, yaani vizazi vinavyotamanika. Mwaka 1973 iliundwa kamati ya taifa ya kuueneza wito huo, na mwaka 1982 ukaanza mradi mkubwa wa huduma zake kwa msaada wa Marekani. Maneno yalichaguliwa kwa hadhari. Hayakusema kupunguza, ambalo lingewakumbusha watu ugumba, laana na njama za wageni, yalisema kutamani. Swali ni nani aliyepewa ruhusa ya kutamani. Walengwa walikuwa mama aliyeolewa, mwenye watoto tayari, na mume wake aliyetakiwa kuridhia. Msichana asiyeolewa hakuwemo, kwa kuwa kumhesabu kungekuwa kukiri kwamba yupo. Na kifungu cha 178 hakikufutwa. Kwa miaka mingi dola moja iliagiza vidonge na kuvigawa katika hospitali zake huku kitabu chake cha sheria kikisema kwamba anayevigawa ni mkosaji. Wauguzi hawakushtakiwa, ni kweli. Lakini sheria isiyotekelezwa inatosha kumnyamazisha mwalimu.

Katika Lubero kimya hicho kilikuwa na sababu nyingine yenye uzito. Mwaka 1968 Papa Paulo VI alitoa waraka wa Humanae Vitae uliokataa njia zisizo za asili za kuzuia mimba. Jimbo la Butembo-Beni wakati huo lilikuwa chini ya Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza tangu 1966 hadi 1997. Dola ya Zaire ilipozidi kudhoofika, jimbo hilo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya kazi zake. Lilisimamia shule, vituo vya afya na barabara, na mwaka 1989 likafungua Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Mapatano ya 1977 kati ya serikali na makanisa yalikuwa yamewarudishia viongozi wa dini usimamizi wa shule walizonyang'anywa mwaka 1974. Kwa msichana wa Lubero hii ilikuwa na maana ya wazi kabisa: darasa alimosoma na zahanati aliyoikimbilia vilikuwa aghalabu vya mwenye nyumba mmoja, na mwenye nyumba huyo alifundisha njia za asili kwa walioolewa na kujizuia kwa wengine wote. Upande wa Waprotestanti, mradi wa SANRU, uliosimamiwa na Kanisa la Kristo katika Zaire tangu 1981, ulijumuisha uzazi wa mpango katika huduma za afya vijijini, lakini nao ulimtazama mama wa nyumbani. Baada ya uporaji wa Septemba 1991 wafadhili waliondoka, na vidonge vikaondoka pamoja nao.

Kilichovunja kimya kilikuwa kifo. Ukimwi uliileta kondomu katika maduka na vibanda vya Zaire. Aina iliyoitwa Prudence, iliyouzwa kwa bei nafuu kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, ilikuwa imefikia mauzo ya zaidi ya milioni 18 kwa mwaka ifikapo 1991, na mwaka 1987 mwanamuziki Luambo Makiadi alikwisha kutoa wimbo wa kuonya juu ya ugonjwa huo. Lakini kondomu iliingia ikiwa kinga ya maradhi ya watu wazima, wasafiri na wafanyabiashara. Butembo, mji wa wachuuzi wanaokwenda Kampala, Kisangani na mbali zaidi, uliielewa haraka kwa maana hiyo. Msichana aliyeonekana nayo alijitangaza kuwa mmoja wa watu hao. Kwa njia hii chombo ambacho kingeweza kuzuia mimba kilifika kikiwa kimekwisha kupakwa jina baya, na athari hiyo haijafutika.

Kanuni ya 1987 inastahili sifa moja ambayo husahaulika. Ilitamka kwamba kila mtoto lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Baba asipopatikana, mahakama ya amani ilipewa uwezo wa kumteua baba wa kisheria, kwa kawaida kutoka upande wa mama. Hii ilikuwa kyaghanda iliyoandikwa kwa Kifaransa. Ilimpa mtoto mahali. Kwa mama yake haikuongeza kitu.

Sheria ya 2006 na faini

Vita vilivyoanza mwaka 1996 viliwagawa wasichana wenye mimba katika makundi mawili. Ubakaji uliofanywa na watu wenye silaha uliuleta ulimwengu mzima Kivu, pamoja na dawa, wanasheria na kamera. Msichana aliyebebeshwa mimba na askari alipewa huruma ya hadharani, ingawa nyumbani huenda alifichwa. Yule aliyetiwa mimba na mwanafunzi mwenzake, na dereva wa pikipiki au na mwalimu alibaki chini ya lawama ya zamani. Tarehe 20 Julai 2006 sheria mpya dhidi ya ukatili wa kijinsia ilipandisha umri wa kulindwa kutoka miaka 14 hadi 18. Tangu siku hiyo mwanamume aliyelala na msichana wa miaka 17 alihesabiwa kuwa amembaka, hata kama wote wawili walikubaliana.

Sheria hiyo iliukuta mfumo wa malipo ukiwa hai, na mfumo ukaimeza sheria. Utafiti wa Nynke Douma na Dorothea Hilhorst, uliochapishwa mwaka 2012 na kufanywa katika Kivu ya Kusini, ulionyesha kwamba kesi nyingi zilizofikishwa mahakamani kwa jina la ubakaji zilikuwa mahusiano ya vijana ambayo wazazi waliyapeleka polisi ili kupata ndoa au fidia. Mwenendo huo unaeleweka pia kaskazini. Zamani familia ya msichana ilimpeleka kwa mwenye mimba na kumwacha mlangoni mpaka pande mbili ziketi. Baada ya 2006 iliweza kwenda na hati ya wito mkononi. Kijana aliyeshindwa kulipa, au ambaye baba yake hakuwa na shamba la kuuza, alitorokea Kasese au machimbo ya dhahabu. Aliyeweza kulipa alilipa, na shauri likafutwa. Sheria iliyotungwa kumlinda msichana ikawa kipimo kipya cha faini, na safari hii pia yeye alitakiwa kutaja jina tu. Haifai kuwalaumu wazazi peke yao: mahali ambapo mahakama iko mbali na gereza haliwalishi wafungwa, mbuzi watano walio zizini ni haki inayoonekana kwa macho.

Mwaka 2009 sheria ya kumlinda mtoto ilikataza kuoza aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2016 Kanuni ya Familia ikarekebishwa ili iafikiane nayo. Hivyo njia ya zamani ya kuifunika mimba kwa ndoa ya haraka ilifungwa katika vitabu kabla ya njia ya kuizuia kufunguliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya wasichana wa Kongo wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba, na kwamba wanawake walioolewa waliotumia njia za kisasa za kupanga uzazi walikuwa asilimia 8 tu.

Ebola, na baada yake

Tarehe 1 Agosti 2018 ulitangazwa mlipuko wa Ebola ulioanzia Mangina, karibu na Beni, ukaenea hadi Butembo na Katwa, na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuwaua watu 2,287. Kampeni ya kupambana nao, iliyojulikana kwa wote kwa jina la Riposte, ilileta magari, mishahara ya dola na mamia ya wageni katika miji yenye njaa ya ajira. Mwaka 2020 waandishi wa habari waliwasikiliza wanawake 51 wa Beni waliosema kwamba walitakiwa ngono ili wapewe kazi. Tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge, mwanzilishi wa shirika la SOFEPADI, ilitoa ripoti yake tarehe 28 Septemba 2021. Iliwataja washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa waajiriwa wa Shirika la Afya Duniani. Miongoni mwa walioathirika, mdogo kabisa alidhaniwa kuwa na miaka 13. Kulikuwa na mimba, na baadhi ya wanawake walieleza kwamba waliowatia mimba hizo waliwashurutisha kuzitoa, katika nchi ambayo Kanuni yake ya Adhabu inamtishia anayetoa mimba kifungo cha miaka 5 hadi 10.

Hapa mfumo wa malipo ulikwama. Waliotia mimba walikuwa wamepanda ndege; hapakuwa na mlango wa kumwacha msichana, wala baba wa kuketi naye. Katika miaka hiyohiyo hukumu ya shule kwa msichana mwenye mimba ilikuwa ikijadiliwa kote Afrika Mashariki. Kenya iliruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni tangu 1994 na Zanzibar tangu 2010, ilhali Tanzania Bara iliendelea kuwafukuza mpaka serikali ilipotangaza kuacha mwendo huo mnamo Novemba 2021.

Katazo la 1933 lenyewe lilipoteza nguvu tarehe 13 Desemba 2018, Beni na Butembo zikiwa katikati ya mlipuko huo. Sheria ya misingi ya afya ya umma iliyotiwa saini siku hiyo inampa kila mtu aliye katika umri wa kuzaa haki ya kupata njia ya kuzuia mimba baada ya kuelezwa na kuridhia. Umri wa kuzaa: sheria imerudi kwenye mwili, kama ile ya 1936, ila safari hii kukomaa kwa mwili ndiko kunakompa msichana haki. Tatizo ni kwamba sheria ya 2006 bado ipo. Muuguzi wa kituo cha afya cha Lubero anayefuatwa na msichana wa miaka 16 ana kitabu kimoja kinachomruhusu kumhudumia na kingine kinachomwambia kwamba mbele yake ameketi mwathirika wa kosa la jinai. Kituo chake kikiwa cha kanisa, ana kitabu cha tatu. Kiswahili anachotumia nacho hakimsaidii sana: kupanga uzazi ni maneno ya mtu aliyekwisha kuanza kuzaa, na msichana huyo amekuja kwa sababu hataki kuanza.

Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliiteka Kanyabayonga, lango la kusini la Lubero, na maelfu ya watu wakakimbilia kaskazini. Familia zilipokelewa majumbani mwa jamaa, makanisani na madarasani. Katika mwendo wa namna hiyo mbuzi huachwa nyuma, au huuzwa njiani kwa bei yoyote. Msichana anayeogopa mimba, na asiyetaka kuulizwa umri wala jina la mtu, huenda kwenye duka la dawa kando ya barabara, ambako huulizwa kama ana pesa.